Ombi la ushauri: mradi mpya ukibisha hodi kwenye wakfu wa programu huria, tuupokeeje?

Mshonauzi (mleta mada)

Wakuu, habari za humu ndani. Kuna jambo linaninyima usingizi na ninaomba uzoefu wenu, hasa nyie mliowahi kukaa upande wowote wa meza hii.

Mimi ni mmoja wa watu 5 kwenye kamati ya uanachama ya wakfu mdogo wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili. Tuna miradi 9. Kazi yetu mnaijua: kushika michango kwa niaba ya miradi, kumiliki majina na vikoa (anwani za tovuti), kusaini mikataba ambayo mtu binafsi akiisaini anajiweka hatarini, na kuhakikisha mradi haufi mwanzilishi akichoka. Wote tunajitolea, tukitoka kazini ndipo tunafungua barua za wakfu.

Miaka miwili iliyopita tulipokea mradi mmoja kwa furaha kubwa. Mtunzaji wake, yaani anayeusimamia msimbo, alituandikia jioni, tukajadiliana kwa barua pepe, na kabla ya saa nne usiku kura zote 5 zilikuwa za ndiyo. Tukaweka nembo yake kwenye ukurasa wetu. Hakuna aliyeuliza kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani. Miezi 14 baadaye mtunzaji akaacha kujibu. Siku moja mtumiaji akatuandikia kwamba kiungo cha kupakulia kinampeleka kwenye kurasa za kamari. Kumbe kikoa kilikuwa kwa jina la mtunzaji mwenyewe, na barua pepe aliyosajilia ilikuwa ya kazini alikokwisha kuhama, hivyo ilani zote za kulipia upya zilikuwa zinaingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Msimbo tulikuwa nao, fedha zake tulikuwa nazo, ila anwani waliyoizoea watu ilishanunuliwa na mwingine. Nakumbuka nimekaa naukodolea macho ule ukurasa: juu jina la mradi wetu, chini picha za karata.

Tangu hapo kamati imegawanyika. Wawili wanataka masharti marefu kabla mtu hajakanyaga ndani. Wawili wanasema tukifanya hivyo watakaopita ni wale tu ambao hawatuhitaji. Kura iliyobaki ni yangu.

Na mezani kuna maombi matatu.

Wa kwanza ni maktaba ndogo ya kusoma faili za vipimo vinavyotoka kwenye vihisi. Mtunzaji ni mmoja, kwa miaka 8 sasa, na programu nyingi zinaitegemea. Barua yake ina mistari sita. Wa mwisho unasema: "Nahitaji mtu mwingine naye awe na funguo."

Wa pili unaendeshwa na kampuni. Watengenezaji 11, wote waajiriwa wake. Msimbo safi, nyaraka zimenyooka, na wako tayari kuchangia fedha. Ila jina la mradi wanaomba libaki la kampuni "kwa sasa".

Wa tatu ni wa zamani, ulianzia chuoni, una watumiaji waaminifu sana, lakini leseni zake zimechanganyika na baadhi ya waandishi hawajulikani walipo.

Nyie mngefanyaje? Yapi yawe masharti ya mlangoni, na yapi yasubiri mradi ukishaingia?

---

Mzee_wa_Terminali

Pole sana kwa yaliyowakuta. Nianze na wa pili, kwa sababu ndio unaoonekana mwepesi na ndio wenye hatari.

Hilo "kwa sasa" msilikubali. Magomvi makubwa ya miradi huria niliyoyafuatilia, ukichimba chini mara nyingi unalikuta jina. Chukua Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo kiotomatiki. Ulizaliwa ndani ya kampuni ya Sun, na kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 ikadai kwamba jina nalo ni lake. Jumuiya ilipotaka kuhamisha hazina ya msimbo, mzozo ukaanzia hapo. Januari 2011 wakapiga kura ya kubadili jina, ndiyo Jenkins tunaoujua leo. Msimbo waliondoka nao bila shida kwa kuwa leseni iliruhusu. Jina ndilo walilishindwa, ikabidi nyaraka, mafunzo na viungo vyote vianze kujulikana upya.

Mtasema ule haukuwa kwenye wakfu. Haya, tazameni NATS, programu ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo. Mradi huu uliingia CNCF, wakfu wa programu za wingu ulio chini ya Linux Foundation, mwaka 2018, lakini usajili wa alama ya biashara ukabaki mikononi mwa kampuni inayouendesha, Synadia. Miaka 7 ikapita kwa amani. Aprili 2025 kampuni ikataka kuutoa mradi pamoja na jina na kikoa, na mabishano yakawa ya hadharani, barua za mawakili zikisomwa na kila mtu. Mei 2025 wakapatana, kampuni ikakubali kukabidhi alama kwa Linux Foundation. Liliisha salama, ila lilikuwa jambo la kusaini karatasi mwaka 2018, wakati kila mtu anacheka na mwenzake.

Ndiyo maana nasema jina linakabidhiwa siku ya kuingia, na kabla ya tangazo. Tangazo likishatoka, wakfu umeshakopesha heshima yake na hauna tena cha kushikilia. Wakfu wa Eclipse huwa wanataka hati ya kukabidhi jina mapema kabisa mradi unapofunguliwa. Wakfu wa Apache wana hatua nzima ya kupekua kama jina linafaa na halijashikwa na mtu mwingine, na mradi hauhitimu kabla haujaipita.

Pamoja na jina wekeni kikoa, akaunti inayomiliki hazina ya msimbo, na akaunti ya sajili ya vifurushi (pale watumiaji wanapochukulia matoleo ya programu). Hii ya mwisho watu huisahau kabisa. Unaweza kumiliki kila kitu, lakini kama akaunti ya kupandisha kifurushi iko kwa mtu mmoja, watumiaji wako wako mikononi mwake yeye.

---

KasukuWaKernel

Mleta mada, yule mchovu wa maktaba ya vihisi mpokeeni kesho asubuhi. Hayo mengine yatafuata.

---

Nanga_na_Tanga

Nakubaliana na KasukuWaKernel, ila niseme kwa nini, maana najua wale wawili wa masharti watauliza: "Mradi wa mtu mmoja tutaupokeaje? Akianguka je?"

Wakfu nyingi zina kigezo cha idadi ya watunzaji. Kinaeleweka. Ila kuna madhara yake ambayo sioni yakitajwa. Ukimwambia mtu aliyechoka kwamba hamtampokea mpaka apate mwenzake, umempa sababu ya kumkabidhi funguo mgeni wa kwanza anayejitokeza kwa upole.

Kumbukeni xz, programu ndogo ya kubana faili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Mtunzaji alikuwa peke yake, amechoka, na alishasema hivyo waziwazi. Mtu mwenye jina la bandia akaanza kuchangia mwaka 2021, taratibu, viraka (marekebisho ya msimbo) vizuri tu. Akaunti nyingine zikawa zinamlalamikia mtunzaji kwamba mradi unakwenda polepole, aongeze mtu. Akaongeza. Machi 2024 mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta, ukagunduliwa ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na uligunduliwa kwa sababu mhandisi mmoja wa hifadhidata ya Postgres aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kumechelewa kama nusu sekunde, akakataa kulipuuzia.

Shinikizo la "ongeza mtu" ndilo lililofungua njia. Basi wakfu usiwe sauti nyingine ya shinikizo hilo. Mpokeeni akiwa peke yake, halafu ninyi ndio muwe watu wa pili wenye funguo: wawili kutoka kwenye kamati wanashika funguo za akiba, hawaandiki msimbo, wapo kwa ajili ya dharura tu. Kisha mtafuteni mtunzaji wa pili pamoja naye, bila haraka, kwa watu mnaowajua kazi zao kwa miaka. Watunzaji wawili liwe sharti la kukomaa. Mkiliweka mlangoni mnamrudisha mtu barabarani akiwa na mzigo uleule.

---

FundiLeseni

Mimi niseme ule wa tatu, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Msiogope leseni zilizochanganyika. Ogopeni leseni ambazo hakuna aliyezisoma. Mwaka jana nilisaidia ukaguzi wa mradi unaofanana na huo. Unaanza na amri ya kutafuta neno "copyright" kwenye faili zote, unapanga matokeo, unaondoa yanayojirudia. Ilitoka mistari 41 ya aina tofauti. Zaidi ya 30 ilikuwa ni majina yaleyale yameandikwa kwa namna mbalimbali. Halafu ukafika mstari mmoja kwenye faili ya kukokotoa makadirio ya ramani, umeandikwa kwa herufi ndogo chini ya maelezo ya hesabu: ruhusa ni kwa matumizi ya utafiti tu, si ya biashara. Faili hiyo ilikuwemo kwa miaka 15. Programu nzima ilitangazwa kuwa huria, ilhali ndani yake mlikuwa na mistari 600 isiyo huria hata kidogo.

Hatukuwatimua. Mtengenezaji mmoja aliiandika upya ile faili kutoka kwenye fomula za kitabuni, bila kuutazama msimbo wa zamani, na kazi ikaisha ndani ya wiki mbili. Kilichohitajika ni mtu wa kukaa chini asome.

OSGeo, wakfu wa programu huria za ramani, wanafanya hivi tangu walipoanza mwaka 2006: mradi ukiwa kwenye uatamizi (kipindi cha kulelewa kabla ya uanachama kamili) lazima upitie asili ya msimbo wake, faili baada ya faili, na kueleza kila kitu kilichotoka nje. Apache nao wamepanga leseni za watu wengine kwenye makundi, zipo zinazoruhusiwa, zinazoruhusiwa kwa masharti, na zisizoruhusiwa kabisa. Mwaka 2016 waliiingiza kwenye kundi la mwisho ile leseni ya JSON yenye maneno kwamba programu itumike kwa wema na si kwa uovu. Watu walishangaa, mbona ni maneno mazuri? Lakini sharti linalomzuia mtu fulani kutumia, hata likiwa na nia njema, linaiondoa programu kwenye maana ya huria, na hakuna mwanasheria atakayekwambia "uovu" unaishia wapi.

Jambo jingine: angalieni kama leseni zinakaa pamoja. Msimbo wa leseni ya Apache 2.0 hauchanganyiki na ule wa leseni ya GPL toleo la 2 pekee, kwa mujibu wa Free Software Foundation wenyewe, wenye GPL, ila na GPL toleo la 3 unakwenda. Tofauti ya maneno "au toleo la baadaye" kwenye kichwa cha faili inaweza kuokoa mradi mzima.

Kuhusu waandishi waliopotea: VLC, programu ya kuchezea video, walipobadili leseni kutoka GPL kwenda LGPL yenye masharti mepesi zaidi, mwaka 2011 na 2012, walitafuta mamia ya wachangiaji mmoja mmoja kuomba ridhaa. Inawezekana. Ni kazi ya subira tu, na wapo watakaobaki bila kupatikana. Msimbo wao huandikwa upya au hutolewa.

Kwa hiyo mimi ningewaambia wa tatu: ingieni kwenye chumba cha mbele, tunafanya ukaguzi pamoja, hatushiki fedha zenu wala hatutangazi uanachama mpaka kila faili iwe na mwenyewe anayejulikana. Leseni isiyoeleweka si ya kuahirishwa. Toleo likishatoka kwa jina la wakfu, ni wakfu ndio umeligawa.

---

Mshonauzi

FundiLeseni, hiyo ya faili ya miaka 15 nimeisoma mara mbili. Asante.

Nanga_na_Tanga, umenigusa mahali. Rasimu ya masharti niliyokuwa naiandika, sharti la pili lilikuwa ni watunzaji wawili. Nimelitoa.

Nina swali kwa Mzee: kampuni ikisema haikabidhi jina, tunawafukuza? Wana fedha, na ukweli ni kwamba wakfu wetu una uhitaji.

---

Mzee_wa_Terminali

Hamuwafukuzi. Mnawaambia wabaki walipo mpaka wawe tayari, na mlango uko wazi. Si kila mradi mzuri unahitaji wakfu. Na fedha isiwe hoja kabisa kwenye kikao cha kupokea. Itajeni baadaye, kwenye kikao kingine.

Waulizeni swali moja tu: kwa nini mnataka kuingia? Wakijibu kwamba wanataka washindani wao waweze kuchangia bila hofu, basi hofu hiyo inatokana na jina na haki ya kubadili leseni, na hawawezi kuondoa hofu huku wakishikilia vyote viwili. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp walipoibadili leseni ya Terraform, programu yao ya kusimamia seva, waliochangia kwa miaka walijikuta hawana la kufanya, kwa sababu kampuni ilikuwa na haki hiyo kwa mujibu wa makubaliano ya wachangiaji, hati ambayo kila mchangiaji huikubali. Jumuiya ikaanzisha OpenTofu, nakala iliyobaki huria, na mwezi uliofuata ikawa chini ya Linux Foundation. Watu wameshajifunza kutoka hapo. Siku hizi mchangiaji makini husoma makubaliano kabla ya kutuma kiraka.

---

Subira_Miezi_Tisa

Mimi nitasema kutoka upande wa nje, kwa sababu nimeona wote mnaongea kama wenye nyumba.

Nilipeleka mradi wangu kwenye wakfu fulani, sitautaja. Fomu niliijaza wikendi mbili. Nikapata barua ya kwamba imepokelewa. Baada ya hapo, kimya. Mwezi wa tatu nikauliza, nikajibiwa kamati itakaa. Mwezi wa sita nikauliza tena, aliyekuwa anajibu ameshaondoka. Mwezi wa tisa nikapata jibu la mistari miwili kwamba kwa sasa hawapokei miradi mipya.

Jibu la hapana nisingelalamikia. Kilichoniumiza ni kile nilichokiahirisha nikisubiri. Kuna taasisi ilitaka kuchangia fedha, nikawaambia wasubiri kidogo nipate mahali halali pa kuziweka. Mwaka wao wa bajeti ukaisha. Kuna mtu alitaka kuwa mtunzaji mwenza, nikamwambia tusubiri utaratibu wa wakfu ili tusifanye mara mbili. Naye akapata mambo mengine. Mradi ulisimama miezi 9 mlangoni kwa watu.

Ninachoomba kwenu, mleta mada: mtu akiandika, mpeni tarehe. "Tutakujibu ifikapo siku fulani, na tukishindwa utapata barua inayosema tumeshindwa." Na kama hamna nafasi, andikeni kwenye ukurasa wenu kwamba hamna nafasi. Kamati ya watu 5 wanaojitolea haiwezi kupokea miradi mitatu kwa mpigo, tusidanganyane. Semeni ni wangapi mnaweza kuwalea kwa mwaka, waliobaki mkawaelekeza kwingine.

---

Nanga_na_Tanga

Pole sana ndugu. Hili la tarehe liandikwe juu kabisa.

---

MwekaFedha_Huria

Wakuu, naona fedha imepitwa kwa mbali kidogo. Nimekuwa mweka hazina wa wakfu kwa miaka kadhaa, niongeze yangu.

Kwanza amueni ninyi ni wakfu wa aina gani, maana mapokezi yanatokana na hapo. Software in the Public Interest, iliyoanzishwa 1997 kwa ajili ya mfumo endeshi wa Debian, inashika mali na michango ya miradi na kukata asilimia 5, huku mradi ukibaki na maamuzi yake yote. Mapokezi yake ni mepesi kwa sababu wajibu ni mwepesi. Software Freedom Conservancy, ya mwaka 2006, ni tofauti: mradi unakuwa sehemu ya shirika lenyewe kisheria, na asilimia waliyozoeleka kukata ni 10. Hapo shirika linabeba dhima ya kila kinachofanywa kwa jina la mradi, ndiyo maana wanachunguza kwa kina. Ukichukua masharti ya huyu wa pili ukayaweka kwenye wakfu wa aina ya yule wa kwanza, unapata mateso yasiyo na faida. Naomba sana mleta mada, kabla ya kuandika sharti lolote kwa mradi, andikeni mnachoupa mradi na nani kati yenu watano atakifanya. Kila sharti lisilo na huduma nyuma yake lifuteni.

Pili, njia ya kutoka. Watu wanaona aibu kuzungumzia talaka siku ya harusi, lakini hapa ni lazima. Mkataba useme mradi ukitaka kuondoka, jina, kikoa na salio vinakwenda wapi na kwa utaratibu gani. Kumbukeni kwamba kwa wakfu zilizosajiliwa Marekani kama mashirika ya hisani, aina ya 501(c)(3), salio haliwezi kukabidhiwa kwa mtu binafsi; linakwenda kwa shirika jingine lenye hadhi inayofaa au kutumika kwa lengo lilelile. Wapo watunzaji wanaodhani wakiondoka watahamishiwa fedha kwenye akaunti zao. Waambieni mapema, kabla hata senti moja haijaingia.

Kutoka si msiba. Godot, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, ilikuwa ndani ya Conservancy kwa miaka, ikakua, na mwaka 2022 ikatangaza wakfu wake yenyewe. Ni kama mtoto aliyelelewa akajenga kwake.

Na mradi ukifa je? Apache wana mahali panapoitwa dari, tangu 2008, ambapo miradi isiyo na watu wa kuitunza huwekwa kwa heshima: msimbo unasomeka, matoleo yanapatikana, ila kila anayefika anaona wazi kwamba haitunzwi tena. CNCF nao waliiweka rkt, programu ya kuendesha kontena za programu, kwenye kumbukumbu mwaka 2019, miaka miwili baada ya kuipokea. Ule mradi wenu wa kikoa kilichopotea, umeandikwa popote kwamba hautunzwi?

---

Mshonauzi

MwekaFedha, hapana. Nembo yake bado iko kwenye ukurasa wetu. Nimeona aibu kuandika hivi, lakini ndiyo hali. Ninaishughulikia leo.

---

KasukuWaKernel

Niulize kitu. Hizi ngazi ngazi, uatamizi, mara kukomaa, zinasaidia kweli wakfu mdogo? Miradi 9 tu jamani.

---

Nanga_na_Tanga

Zinasaidia kwa sababu moja: mtumiaji ajue anachokiona. CNCF wana ngazi tatu, na ngazi ya juu wanadai mambo kama ukaguzi wa usalama unaofanywa na watu wa nje. Apache, mradi ukiwa kwenye uatamizi, kila toleo lazima liwe na tamko linalosema kwamba bado haujathibitishwa kikamilifu. Unakuwa na walezi, unatoa taarifa kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo na kisha kila robo mwaka, na kila toleo linahitaji angalau kura tatu za ndiyo kutoka kwa wenye haki ya kupiga kura. Wanachopima hapo zaidi ni jumuiya: mnajadiliana hadharani, au maamuzi yanafanywa chumbani na kutangazwa? Msimbo mbovu hurekebishika.

Kwa miradi 9 msichukue hayo yote. Ngazi mbili zinatosha, aliyeko kwenye ulezi na mwanachama kamili. Na kila aliyeko kwenye ulezi awe na mlezi mmoja mwenye jina, si "kamati". Jambo la kamati ni la kila mtu, na mnajua la kila mtu hufanywa na nani.

Kwa yule wa kampuni, sharti la kukomaa lingekuwa walau watunzaji wawili wasiolipwa na kampuni hiyo. Msilidai mlangoni. Watu wa nje hawaji kuchangia nyumba ya mtu, wanakuja ikishakuwa ya wote.

---

Mshonauzi

Wakuu, narudi na mrejesho. Kamati ilikaa juzi kwa muda wa saa mbili na nusu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hatukugombana.

Mlangoni tumeweka manne. Jina na kikoa vikabidhiwe kabla ya tangazo, pamoja na akaunti ya hazina na ya vifurushi. Leseni ya kila faili ijulikane. Watunzaji waliopo waridhie kwa maandishi, wote, si mwanzilishi tu (hili lilitoka kwa mwenzetu mmoja, na nadhani ni zuri kuliko yote). Na mkataba wa kutoka usainiwe pamoja na wa kuingia. Yaliyobaki yote, idadi ya watunzaji, nyaraka za uongozi, majaribio, watu wa nje ya kampuni, tumeyapeleka kwenye ulezi, miezi 18, na taarifa fupi kila robo mwaka.

Tumekubali pia kwamba uwezo wetu ni miradi miwili kwa mwaka. Imeandikwa kwenye ukurasa. Jibu ndani ya siku 45, na Subira, ile sentensi yako ya "tukishindwa utapata barua inayosema tumeshindwa" tumeichukua neno kwa neno.

Mwenye maktaba ya vihisi ameingia kwenye ulezi, mimi ndiye mlezi wake. Jana usiku tulikaa kwenye simu dakika 40 tukihamisha kikoa. Namba ya uthibitisho ilimfikia kwenye barua pepe ya zamani, akakwama nenosiri, akalipata kwenye daftari la karatasi. Niliposema nimeshakiona kikoa kwenye akaunti ya wakfu alinyamaza kidogo, akauliza kama anaweza kwenda likizo mwezi ujao. Nikamwambia aende.

Kampuni imeomba muda izungumze na mwanasheria wake kuhusu jina. Tumeipa, bila kinyongo.

Wa tatu yuko chumba cha mbele. Tumekimbiza ile amri ya FundiLeseni, imetoka mistari 67. Waandishi 12 tumewapata, 3 bado, na mmoja wao aliandika sehemu yote ya kusoma faili za zamani. Barua pepe yake ya chuo imefungwa. Mwenye uzoefu wa kumtafuta mtu aliyeacha msimbo miaka 20 iliyopita anisaidie, nianzie wapi?

---

FundiLeseni

Anza na orodha za barua za mradi za miaka hiyo, wengi walikuwa wanaweka anwani ya pili kwenye sahihi. Kisha tafuta tasnifu yake kwenye maktaba ya chuo, msimamizi wake huenda bado anafundisha. Nitumie kile kichwa cha faili kwenye ujumbe wa faragha nikisome leo, inawezekana ruhusa iliyoandikwa pale inatosha.